Muulize Mwalimu wa Nyimbo: Mpingo wa Kusini ndani ya Beethoven

Barua za mwezi huu zimenikuta Mikindani, barazani. Magunia ya korosho ya jirani yameziba njia, na mtaani mtu asiye na haraka ni mimi peke yangu. Toleo lililopita niliandika aya mbili tu kuhusu okestra za simfoni za Ulaya, jinsi zilivyorudi jukwaani baada ya korona, tena na tungo zile zile zinazojulikana na kila mtu. Sikutegemea aya mbili zizae rundo hili. Nimechagua tano. Wewe wa Lindi mjini uliyeuliza bei ya vinanda, nitakupigia. Mambo ya bei hayafai gazetini.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi hapa Mtwara. Wakati wa korona, zamu za usiku, nilikuwa nasikiliza Beethoven na Mozart kwenye simu, kwa sikio moja, la pili nimewaachia wagonjwa. Mwanangu wa kidato cha tatu amesoma uliyoandika, ananiuliza maswali mawili yamenishinda. Kama muziki wote huo upo kwenye simu, kwa nini watu walipe kwenda ukumbini? Na kama walinyamaza muda wote ule, kwa nini hawakurudi na kitu kipya?

Marahaba mwanangu, na poleni na zamu. Nianze na swali la pili, kwa kuwa majibu yake mengi ni ya jikoni, na ya jikoni hayana siri.

Okestra kamili ni watu themanini, tisini, mara nyingine mia. Watu walipokatazwa kukaribiana, hesabu yote ikavurugika. Tarehe 1 Mei 2020 Berlin Philharmonic walipiga katika ukumbi wao bila msikilizaji hata mmoja, na jukwaani hawakuruhusiwa kuzidi wapigaji 15. Mpiga fidla anaweza kuvaa barakoa. Mpiga tarumbeta ataivaa wapi? Wenye vyombo vya kupuliza wakawekwa mbali na wenzao kama watu wenye deni, na kwaya kubwa ndiyo ikangoja kuliko wote. Kwa hiyo ukachaguliwa muziki unaotosha kwa watu wachache. "Eine kleine Nachtmusik" ya Mozart, ya mwaka 1787, inataka vyombo vya nyuzi tu. Tena Mozart alikufa mwaka 1791, hakuna wa kudai haki miliki. Karatasi za nota zipo kabatini tangu enzi za babu zao, na wapigaji wenyewe wameshaupiga muziki huo mpaka wanauota, mazoezi mawili matatu yanatosha. Ukumbi ambao haujauza tiketi mwaka mzima haumpi mtunzi mgeni wiki nzima ya mazoezi.

Hayo ya jikoni. Ya sebuleni ni mengine. Tarehe 5 Juni 2020 Vienna Philharmonic walifungua milango ya Musikverein. Ukumbi ule una viti zaidi ya 1,700. Siku hiyo waliingia watu 100. Daniel Barenboim alikaa kwenye piano akapiga konseto, yaani tungo ya chombo kimoja kikijibizana na okestra, ya mwisho ya Mozart ya chombo hicho, kisha akasimama akaongoza Simfoni ya 5 ya Beethoven. Simfoni hiyo ilisikika mara ya kwanza katika mji huohuo, tarehe 22 Desemba 1808, ukumbi una baridi, onyesho limechukua saa nne. Wewe umekwenda misibani, unajua: siku ya kuondoa matanga hakuna anayeleta wimbo mpya. Mtu anaanzisha ule ambao midomo inaujua, wengine wanadakia, na sauti zilizokaukiana zinapata njia. Mimi siwalaumu watu wa Vienna.

Ila mwanao naye ana haki yake, usimnyamazishe. Matanga yana siku zake. Okestra ikirudi na Beethoven mwezi wa kwanza, sawa. Ikiwa mwaka wa tatu bado ni Beethoven, Mozart na "Misimu Minne" ya Vivaldi, hapo si faraja tena, ni uvivu unaouza tiketi. Mtunzi aliye hai naye anakula.

Sasa simu. Ninyi mnakumbuka kwamba hapa kwetu shule zilifungwa Machi 2020 lakini makanisa hayakufungwa. Kwaya yangu haikukosa Jumapili hata moja, tulitanua nafasi kwenye mabenchi tukaimba. Kwa hiyo mimi kilichowapata wenzetu nilikielewa kwa kuchelewa. Nilikielewa tarehe 1 Januari 2021, nilipotazama onyesho la Mwaka Mpya la Vienna, Riccardo Muti anaongoza, ukumbi umejaa maua na hauna mtu. Onyesho lile kila mwaka hufungwa kwa machi, yaani muziki wa gwaride, ya Radetzky ya Johann Strauss baba, na raha yake ni kwamba wasikilizaji hupiga makofi kufuata mdundo. Mwaka ule machi ilipigwa bila makofi. Nota zote zilikuwepo, hakuna aliyekosea, na mimi niliona kama natazama harusi isiyo na bibi harusi.

Huko Barcelona walifanya jambo ambalo mwanao atalipenda. Juni 2020 jumba la opera la Liceu lilijaza mimea 2,292 kwenye viti, wapiga nyuzi wanne wakaipigia Puccini, halafu mimea ikagawiwa kwa watu wa afya, mmoja mmoja. Wauguzi wenzako wamo.

Mimi mwenyewe okestra kamili nimeisikia ana kwa ana mara moja tu, Nairobi, nilipokwenda kumwona binti yangu. Nilikaa kiti cha pembeni, cha bei rahisi. Nimesikiliza muziki ule kwenye kaseti, kwenye redio, kwenye simu, miaka arobaini. Hakuna hata kimoja kilichowahi kuniambia kwamba sauti ya besi kubwa hupanda kupitia miguu ya kiti. Wala kwamba kabla ya wapigaji kuanza pamoja, wote huvuta pumzi, na unaisikia. Mwambie kijana simu inaleta nota. Pumzi ile haipiti kwenye waya.

Mwalimu, nimesikia ukipiga makofi kabla muziki haujaisha Wazungu wanakukodolea macho. Ni kweli? Msomaji, Nachingwea.

Kweli. Simfoni kwa kawaida ina sehemu nne, na kati ya sehemu na sehemu pana ukimya mfupi ambao wageni wote hudhani ni mwisho. Ngoja mwongozaji ashushe mikono yake kabisa na kuwageukia, ndipo upige. Ila usijione mshamba. Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris mwaka 1778, kwa furaha, kwamba watu walipiga makofi katikati ya sehemu ya kwanza ya simfoni yake. Na Simfoni ya 7 ya Beethoven ilipotoka, Desemba 1813, sehemu ya pili iliwapendeza watu mpaka ikarudiwa palepale. Adabu ya kunyamaza kama mko kwenye mtihani imekuja baadaye. Ningekuwa na mamlaka ningeifuta.

Mjomba, salamu kutoka Kilwa. Mimi si mtu wa muziki. Nilikuwa mpasua mbao, sasa nachonga pamoja na Wamakonde wawili waliohamia huku kutoka Newala. Mgeni mmoja aliwahi kushika kipande changu cha mpingo akasema kwao mti huu ndio zumari za okestra. Ni kweli, au alikuwa ananilainisha apunguziwe bei? Na kama ni kweli, kwa nini mpingo, si mninga ambao unarandika bila ugomvi?

Mpwa wangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Mgeni wako alisema kweli tupu, ingawa hiyo haimzuii kutaka kupunguziwa.

Sikiliza inavyokuwa. Okestra imekaa, taa zimepungua, na kabla ya jambo lolote inasikika sauti moja nyembamba, ndefu, ya nota ya La. Vyombo vyote vinajipima kwake. Sauti hiyo ni ya oboe, ndugu wa nzumari yetu ya pwani, maana zote mbili hupulizwa kwa ulimi wa matete mawili yaliyobanana. Na oboe za siku hizi nyingi ni mpingo. Kwa hiyo sauti ya kwanza ya usiku mzima imetoka kwenye mti wako.

Halafu wanaanza Simfoni ya 5 ya Beethoven, zile nota nne ambazo hata asiyejua muziki anazijua: tatu fupi, moja ndefu. Watu hudhani ni fidla peke yake. La. Beethoven aliwapa vyombo vya nyuzi na klarineti, pamoja. Klarineti nayo ni mpingo. Siku wanampigia Dvořák, simfoni yake aliyoitunga Marekani, iliyosikika mara ya kwanza New York Desemba 1893, sehemu ya pili inakuja na wimbo wa taratibu ambao watu wengi wameulilia bila kujua jina lake. Unapulizwa na oboe ndefu ya sauti nzito inayoitwa kor angle. Mpingo tena. Mtu anakaa New York au Tokyo anapangusa machozi, na mti wenyewe ni wa aina hiyohiyo uliyokuwa ukiitukania msumeno.

Kwa nini si mninga? Wewe unajua kuliko mimi: gogo la mpingo ukilitupa mtoni linazama. Uzito ule ndio wanaoutaka. Klarineti ni bomba lililotobolewa katikati, na tundu hilo lazima liwe laini kama kioo na lisibadilike kipimo. Pembeni lina matundu mengi madogo, kingo zake ziwe kali, na juu yake zinafungwa nguzo za chuma kwa skrubu. Mbao nyepesi ingemeguka kwenye skrubu, ingevimba kwa mate na mvuke wa mpigaji. Mpingo una mafuta yake mwenyewe ndani, unakataa maji, unakubali kukerezwa karibu kama chuma. Hata hivyo nikuambie ukweli wote: Mozart alipoandika konseto yake ya klarineti mwaka 1791, kwa rafiki yake Anton Stadler, miezi michache kabla ya kufa, klarineti nyingi za wakati ule zilikuwa za mti wa Ulaya, mweupe wa njano. Mpingo ulichukua nafasi katika karne ya 19 na haujaiachia.

Shida iko huko kwenu msituni, na hiyo huhitaji mimi nikueleze. Mpingo unaota taratibu, miaka sabini na zaidi kufikia unene wa kuuzika. Umejipinda, una matawi kutoka chini, moyo una nyufa. Ganda la ndani jeupe linatupwa, mweusi peke yake ndio mali. Mtengeneza klarineti anataka kipande kilichonyooka, kisicho na fundo wala ufa, na katika gogo zima vipande hivyo vinaweza kuhesabika kwa vidole. Ndiyo maana nilifurahi mwaka 2009, misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi hapo wilayani kwenu ilipopata cheti cha kimataifa cha FSC, cha misitu inayotunzwa vizuri, kupitia shirika la MCDI linalosaidia vijiji kuhifadhi mpingo. Maana yake kijiji chenye hifadhi yake kinakata kwa mpango, kinauza chenyewe, na mnunuzi wa mbali anaweza kujua mti umetoka wapi. Ikiwa kijiji chako bado, kaulizeni Kikole walianzaje. Na yale mabaki yenye ufa ambayo hayafai kwa bomba, wachongaji wako wa Newala wanajua ya kuyafanyia. Ufa kwenye klarineti ni msiba; kwenye kinyago ni kunyanzi la uso wa mzee.

Msiba huo naujua. Klarineti yangu nilinunua mkononi kwa mmishenari aliyekuwa anarudi kwao. Nilikuwa nikijiambia: mti wa Kusini umekwenda Ulaya, umevalishwa chuma, umerudi nyumbani. Hapa Mtwara, kwa unyevu huu wa bahari, viungo vyake vinavimba, kuvichomoa ni kazi ya watu wawili, kila mara napaka mafuta ya mgando kwenye koki, lile gome laini linalozunguka viungo. Lakini haikupata kupasuka. Nikaipeleka Njombe mwezi Juni, kwenye tamasha la kwaya. Asubuhi ile baridi, sikuipasha moto mikononi kwanza, nikaipuliza kwa pumzi ya mtu aliyetoka kunywa chai. Ilitoa mlio mdogo, ta! Ufa ukashuka kutoka tundu la juu mpaka la pili. Fundi mmoja mjini aliuziba kwa gundi nyingi kuliko akili, na ufa ukarudi mwezi huohuo. Tangu hapo nota ya La ya klarineti yangu hutoka na upepo. Naipiga hivyohivyo.

Ukipata kipande kilichonyooka, chenye urefu wa futi moja, kisicho na ufa, usinitumie. Kiuze.

Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Kwaya yetu Masasi ina kinanda, wapiga fidla wawili, na kijana mmoja wa tarumbeta aliyefundishwa jeshini. Tunataka Pasaka tupige kitu cha okestra chenye jina. Watu wamezoea kinanda peke yake. Tuanze na nini?

Milele amina. Mnataka "Aleluya" ya Handel, msijifiche. Kila kwaya inayopata tarumbeta inaitaka.

Inawezekana. Handel aliandika "Masiya" yote kwa siku 24 mwaka 1741, na Dublin waliisikia tarehe 13 Aprili 1742, kwa watu wachache kuliko hizo kwaya za mia tatu mnazoziona kwenye video. Kwa hiyo uchache wenu si aibu, mko karibu zaidi na Handel kuliko wale. Ila mambo matatu yatawavuruga.

Tarumbeta isipigwe tangu mwanzo. Handel aliificha kwanza, nyuzi zikaanza peke yake, ndipo ikaingia na ngoma zake. Kijana wenu wa jeshini atataka kupiga kila nota. Mzuie, mpe hata maji ashike. Akiingia mahali pake, kanisa zima litainua kichwa.

Pili, ufunguo. Muziki umeandikwa katika Re. Tarumbeta yake kwa hakika ni ya Si bemoli, maana yake yeye atasoma katika Mi, diezi nne (alama za kupandisha nota), na atawachukia. Mkishusha mpaka Do, yeye atasoma katika Re, diezi mbili tu, na sauti ya kwanza nayo itapumua. Wataalamu watanung'unika. Wataalamu hawatakuwepo Masasi.

La tatu ni fidla. Mbili dhidi ya kinanda chenye spika hazisikiki, hata mpigaji awe nani. Punguzeni kinanda mpaka mpigaji wake alalamike, halafu mpunguze tena. Na mtafute wapiga fidla wa taarabu. Mtacheka, lakini mtu aliyezoea kushindana na ganuni na nai usiku kucha kwenye harusi anajua kuitoa sauti ya fidla ikafika uani. Kama hasomi nota, mwimbieni sauti yake mara nne. Ataishika kabla ninyi hamjamaliza kubishana.

Kama kijana wa tarumbeta atashindwa, acheni Handel, chukueni ule wimbo wa Dvořák niliomtajia mpwa wangu wa Kilwa. Unapigika na fidla moja na kinanda, polepole, wakati wa komunyo. Hakuna atakayejua mlikusudia kingine.

Mwalimu, toleo lililopita uliandika kwamba Beethoven aliongoza Simfoni yake ya 9 akiwa kiziwi, na mwanamke mmoja akamgeuza aone watu wanavyoshangilia. Nimesoma kwamba hakuongoza yeye. Mwalimu wa historia, Newala.

Mwalimu mwenzangu, umenishika. Siku ile, Vienna, tarehe 7 Mei 1824, Beethoven alisimama mbele ya okestra akipunga mikono, na ni kweli kwamba mwimbaji Caroline Unger alimgeuza ili aone makofi aliyokuwa hayasikii. Lakini aliyeongoza kwa hakika ni Michael Umlauf, aliyekuwa amesimama jirani naye, na wapigaji na waimbaji walikuwa wameambiwa wamtazame Umlauf, wasimfuate Beethoven hata kidogo. Naomba radhi. (Na wewe uliyeniandikia kwamba mwongozaji nimwite "kondakta": siwezi, kila nikilisikia neno hilo namwona mtu ananing'inia mlangoni anaita Mikindani, Mikindani.)

Kosa langu lina sababu. Mwaka wangu wa mwisho wa kufundisha, Krismasi, nilikuwa mbele ya kwaya napunga, na kila kitu kilikwenda vizuri kuliko siku zote. Katikati ya ubeti wa tatu nikapoteza hesabu kabisa, mkono ukabaki hewani. Kwaya haikutetereka. Nikafuata macho yao, nikaona hayaniangalii mimi. Nyuma ya bega langu la kushoto, pembeni ya kinanda, msaidizi wangu alikuwa anapiga mdundo kwa kidole kimoja, taratibu, kwenye mshono wa sketi yake.

Nikaendelea kupunga mpaka mwisho. Sijawahi kumwambia kwamba niliona.